Hakuna Aliyegeuka Nunda

Neno manga si geni Mombasa. Kwa karne nyingi Manga ilikuwa Uarabuni, hasa upande wa Omani, na Wamanga walikuwa watu waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Jikoni neno limebakia kwenye pilipili manga, shambani kwenye mkomamanga. Manga ya Wajapani haina udugu na hiyo. Kwao ni picha za mzaha, zilizochorwa kama mkono ulivyojisikia, na mchoraji Hokusai alilitumia jina hilo kwa vitabu vya michoro yake vilivyoanza kutoka mwaka 1814. Siku hizi manga ni hadithi ndefu za picha, zinazochapwa kwa wino mweusi kwenye majarida manene ya bei nafuu, kisha hukusanywa kuwa vitabu. Jarida moja tu, Weekly Shonen Jump lililoanzishwa 1968, lilifikia nakala milioni 6.53 za toleo moja katikati ya miaka ya 1990.

Kinachowanasa vijana, na kinachowachefua wazee wao, ni wahusika. Shujaa wa manga mara nyingi ni mtu aliyeharibikiwa. Light Yagami wa Death Note, iliyotungwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata kati ya 2003 na 2006, ni mwanafunzi hodari anayeokota daftari la ajabu: akiandika humo jina la mtu, mtu huyo hufa. Haupiti muda ameshajipa ukadhi wa dunia nzima. Ken Kaneki wa Tokyo Ghoul ni kijana mpole wa vitabu anayegeuzwa nusu zimwi, na tangu hapo chakula cha wanadamu humtapisha. Guts wa Berserk alizaliwa na maiti ya mwanamke aliyenyongwa mtini. Mtunzi wake, Kentaro Miura, alianza kumchora 1989 na akafariki Mei 2021 hadithi haijaisha. Hawa si akina Sungura na Fisi.

Juu ya wahusika hawa imejengwa imani moja iliyoshika mizizi misikitini, makanisani, shuleni na kwenye vikundi vya wazazi vya WhatsApp: kwamba kiza cha kitabuni huambukiza. Anayempenda mhusika mwovu ana uovu ndani yake, na asiyekuwa nao ataupata akiendelea kusoma. Inafaa kuitwa imani ya upele, kwa kuwa huichukulia hadithi kama ngozi ya mgonjwa: iguse, kesho ujikune. Ushahidi wake bado unasubiriwa, na wanaoihubiri hawajakosa usingizi hata usiku mmoja kwa kuukosa.

Imani hii ilipata jukwaa karibuni huko Liwatoni, kisiwani Mombasa, mtaa ambao wageni huujua kwa gati la samaki na kwa daraja la kuelea lililofunguliwa mwanzoni mwa 2021 ili waendao Ras Bofu, ng'ambo ya Likoni, wavuke kwa miguu. Ilikuwa hafla ya shule, ya turubai, viti vya plastiki na spika inayopiga mluzi. Mgeni mmoja, mwenye cheo kisicho na haja ya kutajwa, aliinua juu daftari la mvulana wa miaka 14 lililokamatwa darasani. Pembezoni mwa hesabu za aljebra palikuwa na alama moja iliyochorwa mara nyingi kwa kalamu nyekundu. Akasema hiyo ni alama ya mashetani na mwenye kuichora ameshaanza kuingiliwa. Akina mama wakashika vifua. Daftari likatiwa kwenye droo ya ofisi, na halijatoka.

Alama yenyewe ni herufi ya Kijapani. Maana yake ni upendo.

Mvulana aliitoa kwenye Naruto ya Masashi Kishimoto, iliyotoka wiki baada ya wiki kuanzia 1999 hadi 2014. Mwenye kuibeba kwenye paji la uso ni Gaara, na kisa chake kinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu waliolilaani daftari hawakukisoma. Baba yake, mtawala wa kijiji cha jangwani, alimfungia dude la mchanga mwilini angali tumboni mwa mama, ili azaliwe silaha ya kijiji. Mama akafa kwa uzazi. Mtoto akakua akilindwa na mchanga usioruhusu kisu kumfikia, na akikimbiwa na kila anayemsogelea. Halali, kwa kuwa akilala dude litaamka. Ndiyo maana macho yake yamezungukwa na weusi, kama aliyepakwa wanja na mtu mwenye hasira. Ni mmoja tu aliyemjali, naye ni mjomba wake. Usiku mmoja anavamiwa na mtu aliyejifunika uso. Mchanga unamwangusha. Gaara anaifunua nguo, na anayevuja damu pale chini ni yule yule mjomba, aliyetumwa na baba. Kabla ya kufa, mjomba anamwambia kwamba hakuwahi kupendwa na mtu. Mtoto ana miaka sita. Anajichanja neno lile pajini kwa mchanga, na tangu siku hiyo anaua.

Msomaji wa tafsiri ya Kiingereza hapo hukutana na neno moja linalobeba kaka wa baba na kaka wa mama bila kuwatenganisha. Msomaji wa Pwani anajua zaidi. Ami ni wa nyumbani, yumo kwenye hukumu pamoja na baba. Mjomba ndiye anayekimbiliwa mtoto akipigwa, ndiye anayeingia uani bila hodi na kuuliza nani kamliza mpwa wangu. Mjomba kuja usiku na kisu ni msiba ambao Kiswahili kinauhisi bila kuelezwa. Kurasa chache za Gaara huenda zinamuuma kijana wa Liwatoni kuliko zinavyomuuma kijana wa Chicago.

Na mvulana wa daftari alipoumia, alitaka kuua? Alizirudia kurasa hizo mara tatu kwenye simu ya mamake yenye kioo kilichopasuka, ufa ukipita katikati ya uso wa Gaara, na ami yake alipomuuliza amekazania nini, alijibu bila kuinua macho: “Ami, huyu mjombake alimdanganya. Mamake alimpenda. Yaja julikana mbele.” Ni kweli mbele inajulikana, mamia ya sura baadaye, kwamba ule mchanga uliokuwa ukimkinga ulikuwa ni mapenzi ya mama yaliyobaki, na kwamba yule mtoto aliyekimbiwa amekuwa mtawala wa kijiji kilekile. Hii ndiyo hadithi iliyoitwa ya mashetani chini ya turubai. Mvulana mwenyewe hana tatizo linalojulikana isipokuwa aljebra.

Wasomaji wa manga, wakiachwa waseme, huwa wakali kwa wahusika wao kuliko wahubiri. Shingeki no Kyojin ya Hajime Isayama, iliyoanza 2009, ilipokwisha Aprili 2021 iliacha ugomvi ambao haujazimika. Eren Yeager anaanza kama mtoto aliyeshuhudia mama yake akiliwa, na anamaliza akiikanyagisha sehemu kubwa ya watu wa dunia kwa majitu. Ni shujaa au ni muuaji? Kwenye maskani moja ya Liwatoni, usiku wa Ijumaa, vijana sita walilibishania hilo hadi simu zikaisha chaji. Mmoja alisema aliyeonewa ana haki ya kulipiza. Mwingine akamuuliza mtoto mchanga wa upande wa pili alimwonea nani. Wa tatu akaleta habari za Gaza, wa nne akaleta za polisi na maandamano ya Juni 2024. Muuza kahawa aliyekuwa akiwasikiliza huku akigonganisha vikombe aliuliza jambo moja tu: “Huyo Ereni wenu, mamake yuko wapi?” Akaambiwa aliliwa mwanzoni kabisa. Akammiminia kila mtu kahawa chungu, akasema, “Basi.” Mjadala wa haki na kisasi wenye uzito huo haujasikika redioni kwa muda mrefu, redio ina kazi ya kupiga simu kwa mabwana wanaoshukiwa na wake zao.

Pingamizi moja dhidi ya manga linastahili kupewa heshima yake kamili. Ni lile linalosema kwamba vitabu hivi husomwa kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia panapopaswa kuwa mwisho, na kwamba kufanya mambo kinyume ni kazi ya wachawi. Limetamkwa kwa uso mkavu ndani ya Mombasa, mji ambao mtoto wa miaka mitano hufungua juzuu kutoka kulia kabla hajajua kufunga viatu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mtoto wa mji huu huu, yalihifadhiwa kwa hati hiyo. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, kwa hoja hii, alikuwa akimroga. Haifai kuongeza neno.

Lakini hoja hasa ya kuuzika upele iko jikoni kwa bibi, na ni ajabu jinsi wazee wanavyojifanya wameisahau. Mtoto wa Kiswahili hakulelewa kwa hadithi nyepesi. Aliambiwa paukwa, akajibu pakawa, na kilichofuata kilikuwa ni damu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alikula ndama. Watu wakamshitakia Sultani, naye akasema paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Akala ng'ombe, akala ngamia, akahamia njiani akala wapita njia, na Sultani bado anatetea paka. Hadi alipokula wana wa Sultani mwenyewe ndipo baba mtu akatambua kwamba yule si paka, ni nunda. Mwana mdogo akaenda porini kumtafuta, akawa anaua mnyama mmoja baada ya mwingine na kumburutia mama yake, na kila mara mama akimwambia huyu siye.

Humo mna mla watu, mna watoto waliouawa, mna baba aliyepofushwa na mali yake na kijana aliyezamia kisasi. Kwa vipimo vya chini ya turubai, hadithi hiyo ingekamatwa na kutiwa droo. Imesimuliwa kwa watoto wa pwani hii vizazi na vizazi, usiku, taa ikiwa imepunguzwa, sauti ya bibi ikishuka palepale pa kutisha. Hakuna aliyegeuka nunda. Kama upele wa hadithi upo, ungekuwa umeshaumaliza mwambao mzima, kutoka Lamu hadi Kilwa, na asingebaki wa kumlaumu Mjapani.

Nunda hakuwa peke yake. Fumo Liyongo, shujaa anayetajwa katika kila darasa la fasihi, aliuawa na mwanawe wa kumzaa, aliyelaghaiwa kwa ahadi za ukubwa akamchoma babake sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala. Watoto wamefundishwa kisa hicho kwa miaka na baba zao wanaendelea kulala chali bila wasiwasi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inamtembeza msomaji kwenye magofu ya majumba ya Pate, kisha inamshusha kaburini penye wadudu, naye anapewa kazi ya kujiona mle. Hakuna manga iliyochorwa Tokyo yenye kiza kipevu zaidi ya hicho, na Waswahili wameiita hekima. Alfu Lela U Lela inaanza na mfalme anayeoa jioni na kuua asubuhi. Ilisomwa kwa sauti kwenye barza, na mabwana harusi wa Kibokoni na Kuze waliendelea kuamka na wake zao.

Mwenye imani ya upele akibanwa hapa husema kwamba hizo ni zetu, zina mafunzo. Basi na aende shuleni. Serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa iliwatahini watoto wa kidato cha nne riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka 2014. Humo daktari Ridhaa anampoteza mke na watoto katika nyumba iliyotiwa moto na jirani waliyekula naye. Mabinti wananajisiwa baba yao akiwa palepale. Mtoto hakuambiwa afumbe macho. Aliambiwa afafanue dhamira kwa alama 20. Kabla ya hapo palikuwa na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, ambamo Maimuna anafungiwa ndani na babake Maksuudi hadi anatoroka na kuzama kwenye danguro na chupa. Wazazi walivinunua vitabu hivyo Biashara Street, wakavitia jalada la nailoni visichafuke. Wanaoogopa Kaneki walilipia Maimuna.

Kisa cha Rosa Mistika kinafundisha zaidi. Euphrase Kezilahabi aliichapisha 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe anayelindwa na baba mkali, Zakaria, kwa kipigo. Barua moja ya mvulana inatosha kumtoa damu. Akipelekwa chuoni, mbali na macho ya baba, hajui hata pa kuanzia kujilinda, na anaangamia. Riwaya hii ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa kuchafua maadili, na baadaye ikarudishwa na kusomeshwa. Waliopiga marufuku hawakufika ukurasa unaoeleza kwamba anayezuiwa kila kitu ndiye asiyejua kujizuia. Au walifika, na wakajitambua.

Ugonjwa wa kuzuia si wa Afrika Mashariki peke yake, na huko nje pia umeacha aibu. Marekani, mwaka 1954, daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichodai kwamba hadithi za picha zinazalisha wahalifu. Kamati ndogo ya Baraza la Seneti ikaketi kumsikiliza, wachapishaji wakajiwekea sheria za kujibana, na magazeti mengi ya picha yakafa. Karatasi za Wertham zilipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, Carol Tilley alizipitia na kukuta kwamba daktari alibadilisha maneno ya vijana aliowahoji, akawaunganisha wawili wakawa mmoja, akaficha yasiyomfaa. Hoja ya upele, ilipopewa koti jeupe la daktari, ilisimama kwa kughushi. Mjini Shenyang, China, Death Note iliondolewa shuleni 2005 kwa sababu watoto walikuwa wakiandika majina ya walimu kwenye madaftari yao. Walimu wote waliendelea kuishi. Hakuna aliyeuliza kwa nini majina yalikuwa ya walimu.

Japani nayo haikusalimika. Keiji Nakazawa alikuwa na miaka sita bomu lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945; baba, dada na mdogo wake waliteketea chini ya nyumba iliyowaangukia. Mwaka 1973 alianza kuyachora hayo katika Hadashi no Gen: ngozi zinazoning'inia mikononi, mama anayesikia wanawe wakiita motoni na hawezi kunyanyua boriti. Desemba 2012 bodi ya elimu ya mji wa Matsue iliagiza shule zikifungie kitabu kisichukuliwe na watoto bila ruhusa, kwa kuwa kinatisha. Kelele zikapigwa, na Agosti 2013 agizo likafutwa. Kwa imani ya upele, mtoto anayesoma Gen atataka kuangusha bomu.

Kenya ilikuwa na zamu yake Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, iliyoongozwa na Ezekiel Mutua, ilipopiga marufuku katuni sita za televisheni kwa kudai zinaeneza ushoga. Moja ilikuwa The Legend of Korra, iliyochorwa kwa kufuata mkono wa Kijapani. Matokeo yalikuwa ya kutabirika: vijana ambao hawakuwahi kuisikia Korra walikwenda duka la muvi na flashi mkononi. Maadili ya taifa yalibaki pale yalipokuwa, kwenye zabuni.

Wakati huo huo mambo yanayowala watoto wa Mombasa hayafichwi. Muguka, majani ya kutafuna ya kulevya, huuzwa hatua chache kutoka lango la shule, yakiwa yamefunikwa kwa gunia bichi. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku kaunti nzima, mahakama ikalisimamisha agizo, na gunia likarudi mezani. Vijana wanaovamia watu kwa mapanga Kisauni hawakukamatwa na manga mfukoni. Mtoto mwenye huzuni nzito hapa hana pa kuipeleka: nyumbani ataambiwa asali zaidi, shuleni ataambiwa ajikaze, na hadi majuzi sheria yenyewe ilimngoja na pingu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtishia aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kwa miongo, kijana aliyenusurika kifo cha mkono wake alikuwa mshitakiwa, na mzee aliyelala fofofo juu ya jambo hilo leo anaamka kwa sababu ya picha ya kijana mwenye huzuni. Huyo ni Sultani Majinuni mtupu, na paka yuko mlangoni.

Koe no Katachi ya Yoshitoki Oima, iliyochapwa kwa mfululizo 2013 na 2014, inamhusu mvulana anayemtesa msichana kiziwi darasani hadi anaharibu vifaa vyake vya kusikia, kisha zamu inamgeukia naye anatengwa. Mchoraji amemwonyesha akitembea shuleni, na kila uso anaokutana nao una alama ya X iliyobandikwa juu yake, kubwa, kama plasta. Hawezi kumtazama mtu machoni. X ya kwanza inapodondoka, inadondoka kama jani. Toleo la mwanzo la hadithi hiyo lilizuiliwa kwa miaka kwa sababu wahariri waliogopa mada yake. Mtoto aliyewahi kukaa peke yake wakati wa mapumziko haihitaji itafsiriwe. Ni ukurasa unaomwambia kwamba hali yake ina sura na imeshamfika mwingine, na hilo ni zaidi ya alilowahi kuambiwa kwenye hafla yoyote yenye spika.

Kuna tofauti kati ya hadithi na amri ambayo waumini wa upele huipita kila siku bila kuiona. Hadithi huonyesha tendo na kumwacha msomaji nalo. Light Yagami anatukuka, kisha anakufa akilia aokolewe, na msomaji ndiye anayepima. Amri haimwachi mtu apime. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwendo wa saa chache kutoka Liwatoni, mingi ikiwa ya wafuasi wa kanisa moja walioambiwa wafunge wakutane na Mola wao. Wengi walikuwa watoto. Hawakusoma manga. Walisikiliza mahubiri. Baada ya hapo mtu anayeshika kipaza sauti na kusema kwamba vitabu vya picha ndivyo hatari kwa watoto wa Pwani angefaa kwanza akiangalie kile kipaza sauti.

Linalobaki ni suala la umri, na hilo limeshughulikiwa kitambo na wenye kazi yao. Japani manga hutolewa kwa mafungu: shonen ni ya wavulana wa rika la shule, shojo ni ya wasichana, seinen ni ya wanaume watu wazima, josei ya wanawake. Naruto ni shonen. Berserk ni ya jarida la seinen, na mtoto wa miaka kumi hana shughuli nayo, kama asivyokuwa na shughuli na riwaya ya Kezilahabi, Kichwamaji. Wachapishaji wa tafsiri za Kiingereza huongeza alama: VIZ Media huandika T kwa miaka 13 na kuendelea, T+ kwa wakubwa zaidi, M kwa watu wazima. Naruto ina T, Death Note na Tokyo Ghoul zina T+, na Oyasumi Punpun ya Inio Asano, yenye mtoto aliyechorwa kama ndege na maisha yanayobomoka taratibu, ina M. Programu ya Manga Plus ya Shueisha, iliyoanza Januari 2019, hutoa sura mpya bure kwa mwenye bando, ingawa vijana wengi bado husoma kurasa zilizonakiliwa kiholela zisizo na jalada wala alama.

Kwenye kitabu chenyewe, alama ya umri hukaa jalada la nyuma, karibu na mistari ya bei. Kwa kuwa kitabu hufunguliwa kutoka kulia, mzazi aliyezoea vitabu vya Kiingereza akikishika jinsi alivyozoea, jalada la kwanza kuliona ni hilo hilo la nyuma, lenye alama. Akilifunua, ndani atakuta ukurasa unaomwambia kwamba ameanzia mwisho, ageuze.